Chaja 12 za bajaji za umeme: breka inaruka, volti inashuka hadi 186. Nianzie wapi?

YadiBajaji_Dar

Wakuu, habari za jioni. Nina yadi ya kuchaji bajaji za umeme, chaja 12. Betri ni za volti 51.2, Ah 150. Kila chaja inavuta kama wati 3,260 ukutani. Umeme ni wa njia tatu (fezi nyekundu, njano na bluu), breka kuu, ile swichi inayojikata umeme ukizidi, ni ya ampea 63. Kebo ya kutoka nguzoni ni alumini ya milimita 16 za mraba, mita 40. Kuanzia nguzo hiyo hadi transfoma ya mtaa (kVA 100) ni kama mita 300 za kebo ya milimita 50.

Madereva wanarudi kati ya saa 1 na saa 2 usiku, wote wanachomeka. Breka inaruka ndani ya robo saa. Kabla haijaruka nimepima hivi:

Nyekundu: ampea 105, volti 186
Njano: ampea 60, volti 215
Bluu: ampea 28, volti 237
Nyutro: ampea 66

Majirani wa fezi nyekundu wanalalamika taa zinafifia na friji zinashindwa kuwaka. Fundi mmoja anasema weka breka ya 100, mwingine anasema omba transfoma kubwa. Nimsikilize nani?

NyutroSafi

Mkuu, breka ya 100 usiiweke kabisa. Breka ndiyo inayoilinda hiyo kebo ya milimita 16. Ukiipandisha, kebo itabeba ampea 105 kila usiku, na joto litaanza kula viungio vya nguzoni na kwenye mita, mahali ambapo huoni mpaka pashike moto. Breka yako inafanya kazi yake.

Vipimo vyako vinaeleza karibu kila kitu. Kwa volti 186, chaja ya wati 3,260 inavuta ampea 17.5. Gawanya 105 kwa 17.5, unapata 6. Kwa hiyo nyekundu ina chaja sita, njano nne, bluu mbili. Aliyefunga alijaza fezi ya kwanza akaendelea na zilizobaki.

Chaja hizi si kama pasi. Pasi ikipata volti ndogo inavuta kidogo. Chaja inalazimisha wati zilezile, kwa hiyo volti ikishuka inaongeza ampea, na ampea zikiongezeka volti inazidi kushuka. Angalia pia bluu imepanda hadi 237. Ni ampea 66 za kwenye nyutro zinazoivuta nyutro itoke mahali pake: fezi iliyolemewa inapungukiwa, iliyo nyepesi inapandishwa. Ndiyo maana mtu akipima bluu peke yake atakuambia umeme uko sawa.

Nyutro yako inalingana na huko kutosawazishwa, na hiyo ni habari njema. Ingesoma 90 au 100 ningeshuku chaja za bei rahisi zisizorekebisha pawa fakta (uwiano wa wati na volti-ampea). Hizo zina harmoniki ya tatu, yaani mkondo wenye masafa mara tatu ya ule wa kawaida, ambayo kwenye nyutro haifutani bali inajumlika, hivyo hata ukisawazisha nyutro inabaki na moto.

Kazi ya kwanza: zima kuu, hakikisha kwa testa, kisha hamisha chaja mbili kutoka nyekundu kwenda bluu. Ukiwa na 4-4-4, tarajia kama ampea 61 kila fezi, volti 213, nyutro karibu na sifuri. Majirani watapata nafuu siku hiyohiyo. Ila breka ya 63 iliyofungiwa ndani ya boksi la bati haitavumilia ampea 61 kwa saa tatu. Breka hizo hupimwa kwenye nyuzi 30, na boksi lako Dar lina zaidi ya hapo.

Mkondo_Arusha

Naongezea hapo. Umeme ulionao unatosha, kinachokuumiza ni wote kuchaji kwa wakati mmoja.

Chukulia kila betri inarudi imetumia uniti 6, ukutani inakuwa kama 6.7. Bajaji 12 ni uniti 80 kwa usiku. Ukianza saa 4 usiku ukamaliza saa 10 alfajiri una saa 6, yaani wastani wa kilowati 13 na ushee tu, wakati sasa hivi unavuta 39 kwa mpigo.

Gawa makundi mawili ya chaja sita, kila kundi liwe na mbili kwa kila fezi. Kundi A saa 4 hadi saa 7 usiku, kundi B saa 7 hadi saa 10. Kwa nguvu kamili kundi linahitaji saa 2 na dakika chache, lakini chaja ya lithiamu inapunguza mkondo betri inapokaribia kujaa, ndiyo maana nakupa saa 3. Kila fezi itabeba ampea 29 hivi, volti 222, na majirani wamelala.

Vifaa: kontakta mbili (swichi kubwa zinazowashwa na koili) za pole nne, ampea 40, koili ya volti 230; taima ya kidijitali yenye betri ya akiba, la sivyo umeme ukikatika saa inapotea na makundi yanachaji mchana; na relei inayokata mzigo volti ikishuka mno. Pitisha waya wa koili ya A kwenye mguso wa B unaofunguka B inapowaka, na kinyume chake, ili hata taima ikikosea makundi yasiwake pamoja. Mafundi wengi wanaruka hatua hii.

Relei iweke ikate kwenye volti 200 na irudishe kwenye 215 baada ya dakika 5. Usiweke irudishe kwenye 205. Ukikata mzigo volti inapanda yenyewe, relei inawasha tena, volti inaanguka, na kontakta inagongagonga usiku kucha hadi miguso iungue.

YadiBajaji_Dar

Shukrani sana wakuu. Umeme ukikatika usiku ukarudi, itakuwaje? Na nikifika bajaji 30?

Mkondo_Arusha

Ukirudi, mtaa mzima unawaka kwa pamoja: friji, pampu, na wewe. Weka relei ya kuchelewesha, dakika 10 baada ya umeme kurudi ndipo kundi liwake.

Bajaji 30 ni uniti 200 kwa usiku. Chaja 9 kwa zamu zitavuta ampea 45 kila fezi na kuchukua karibu saa 7 bila kuhesabu ule mwisho wa polepole. Inabana mno. Hapo ndipo maombi ya kebo kubwa yana maana. Transfoma ya kVA 100 inatoa ampea 144 kwa fezi, na ni ya mtaa mzima, kwa hiyo waombe TANESCO wapime mzigo wake jioni na usiku wa manane kabla hujanunua chaja hata moja.

Chaji_Nairobi

Ndugu zangu, huku Kenya mwaka 2023 ilianzishwa bei maalumu ya magari ya umeme: shilingi 16 kwa uniti, na 8 kwenye saa nafuu, kabla ya tozo na kodi. Siku za kazi saa nafuu zinaanza saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Ubaya wake, kila mwenye taima anaiweka saa 4 kamili, na mzigo wa jioni unahamia pale kwa mpigo. Uingereza sheria iliyoanza 2022 inataka chaja mpya za nyumbani zijicheleweshe kwa bahati nasibu hadi dakika 10. Kwa yadi, hata ukiwa Dar, mpangie kila kontakta ianze dakika yake: A saa 4 na dakika 7, na ukiwa na jirani mwenye yadi kama yako, mkubaliane yeye aanze saa 4 na nusu.