Saa 30 "za bure" za nasari England: bure ipi wakati bili iko palepale?

Wakuu, uzi huu ni wa wazazi mlioko England, maana Scotland na Wales wana utaratibu wao. Tangu Septemba 2025 mtoto wa wazazi wanaofanya kazi anapata saa 30 kwa wiki kuanzia miezi 9, serikali inalipa. Matangazo kila kona: bure, bure, bure. Bili ikishuka kwenye barua pepe unakuta mamia ya pauni vilevile, ukiuliza unajibiwa "ndiyo mfumo". Tuufungue basi huo mfumo.

Changa la kwanza la macho ni wiki. Saa 30 ni kwa wiki 38 tu, za muhula wa shule. Yaani 1,140 kwa mwaka, basi. Nasari nyingi zinafunguliwa wiki 51, kwa hiyo zinazitandaza: 1,140 gawa kwa 51 unapata saa 22.35 kwa wiki. Hiyo ndiyo "30" yako.

Chukua mfano wa mtoto wa miaka mitatu anayekwenda siku tatu, saa 10 kila siku, jumla 30 kamili. Tuseme saa ya kulipia ni £7.50. Serikali inabeba 22.35, wewe unabaki na 7.65, sawa na £57 na senti kwa wiki. Ongeza "chakula na vifaa" £12 kwa siku, hiyo £36. Jumla inapita £93 kwa wiki, takriban £4,760 kwa mwaka, na mtoto hajazidisha hata dakika moja juu ya hizo 30. Na msidanganyane kwamba kukataa kutandaza kunaokoa hela: ukichukua wiki 38 tu, utalipa saa zote 390 za likizo mfukoni. Hesabu inarudi palepale.

Sasa kwa nini nasari wanabana namna hii? Si wote ni wezi. Mwaka wa fedha 2025/26 wastani wa kitaifa ambao serikali ilizipa halmashauri ulikuwa £11.54 kwa saa kwa mtoto chini ya miaka miwili, £8.53 kwa wa miaka miwili, na £6.12 kwa wa mitatu na minne. Mwaka huo halmashauri ilitakiwa kupitisha angalau 96% kwa nasari, nyingine ikabaki nayo. Zamani nasari walikuwa wanafidia hasara ya watoto wakubwa, wa mitatu na minne, kwa kuwakamua wazazi wa vichanga waliokuwa wanalipa kila kitu wenyewe. Leo vichanga nao wako kwenye saa za serikali, bei imepangwa na serikali, mahali pa kufidia pamebaki padogo. Wakati huohuo Aprili 2025 mchango wa mwajiri kwenye Bima ya Taifa (National Insurance) ulipanda kutoka 13.8% hadi 15% na kiwango cha kuanzia kulipa kikashushwa kutoka £9,100 hadi £5,000, kima cha chini cha mshahara kikawa £12.21. Nasari ni mishahara: mfanyakazi mmoja kwa vichanga watatu, mmoja kwa watano wa miaka miwili, mmoja kwa wanane wa mitatu. Pengo hilo linatua kwenye saa zako za ziada na kwenye sahani ya mtoto. Serikali inalijua hilo na bado inaita bure!

Lakini kuelewa sababu si kukubali kila kitu. Nasari hairuhusiwi kukutoza tofauti kati ya bei yake na malipo ya serikali kwa saa zilizofadhiliwa, hata iibatize jina gani. Chakula, nepi, mafuta ya jua na matembezi inaruhusiwa kutoza, ila ni kwa hiari, na ukikataa haiwezi kumnyima mtoto nafasi. Iruhusu ulete chakula chako na nepi zako, au ikupe njia nyingine inayoeleweka. "Ada ya huduma" ya lazima isiyo na maelezo ni kupandisha bei kwa mlango wa nyuma. Bili nayo ichambuliwe: saa za serikali, saa za kulipia, chakula, vifaa, ziada. Ukipewa namba moja tu chini ya karatasi, rudisha.

Mtego mwingine ni msimbo (code), ile namba ya tarakimu 11 inayothibitisha kwamba unastahili hizi saa. Mtoto hatumii saa siku anayotimiza miezi 9, anasubiri muhula unaofuata, na namba lazima iwe imetoka kabla ya 31 Agosti, 31 Desemba au 31 Machi kuisha. Kisha unathibitisha upya kila miezi mitatu. Ukipitiwa, unaingia kipindi cha nafuu, yaani muda mfupi wa kuendelea na nafasi uliyonayo, na ukiwa humo huwezi kuanza nafasi mpya nasari nyingine. Mzazi mmoja akipitisha £100,000 kwa mwaka mnakosa, wawili wenye £99,000 kila mmoja wanapata. Hapo mimi sina la kusema.

Walio kwenye viza isiyoruhusu fedha za umma, na humu mko wengi mnaofanya kazi za kutunza wazee: kama hakuna hata mmoja kati yenu mwenye ruhusa hiyo, hizi 30 hampati. Saa 15 za watoto wa miaka mitatu na minne ni za wote, msikubali kufukuzwa.

Saa za kulipia zipitisheni kwenye akaunti ya serikali ya malezi (Tax-Free Childcare): unaweka £8, inaongeza £2, mwisho wa nyongeza yao ni £500 kwa robo mwaka kwa mtoto. Kwenye mfano wangu hizo £57 za wiki zinapungua kama £585 kwa mwaka. Mnaostahili, fungueni leo.

Ukitozwa kinyume, andika kwa meneja uombe mchanganuo, asipojibu peleka kwa kitengo cha watoto wadogo cha halmashauri, wakikuzungusha malalamiko yaende kwa Ombudsman wa serikali za mitaa. Ofsted, wale wakaguzi wa nasari, msiwapoteze muda, ugomvi wa ada si kazi yao.

Wekeni bili zenu hapa, jina la mtoto na la nasari mfute: halmashauri, umri, bei ya saa ya kulipia, na hiyo ya "vifaa" kwa siku.