Mashapo yametoka kahawia, sumaku haivuti: nimekosea wapi?

Msaidizi wa maabara, Lamu
Salaam wenzangu. Nilitaka kuwaonyesha vijana wa kidato cha nne chembe nano (ndogo mno) za magnetaiti, ile oksidi nyeusi ya chuma inayovutwa na sumaku. Nikayeyusha chumvi mbili za chuma, feriki kloridi gramu 5.4 na ferasi salfeti gramu 2.8, katika maji mililita 100, nikatia amonia hadi pH 10. Badala ya mashapo meusi nimepata uji wa kahawia. Sumaku niliyoibandua kwenye spika mbovu haikuvuta hata punje. Kijana mmoja kasema, "Maalim katengeneza kutu." Kutu! Kana kwamba bawaba za madirisha yetu hazitutoshi.

Mkemia wa Malindi
Hesabu ni sawa, feriki mbili kwa ferasi moja. Hiyo salfeti ina rangi gani?

Msaidizi wa maabara, Lamu
Ilikuwa kijani hafifu. Sasa ina ukoko wa manjano. Chupa niliikuta imefunguliwa. Feriki kloridi nayo imelowa, inanata kijikoni kama haluwa.

Mkemia wa Malindi
Basi jawabu umelitaja mwenyewe. Hewa imegeuza ferasi kuwa feriki, na kile kinachonata kimejaa maji unayoyapima ukidhani ni chumvi. Omba feriki mpya. Ferasi itengeneze: nunua waya laini wa chuma wa kusugulia sufuria usio na sabuni, pima gramu 0.56, yeyusha katika asidi hidrokloriki hafifu. Fungua madirisha, usiwashe moto, maana hutoa hidrojeni. Itumie siku hiyohiyo, na amonia itakwenda nyingi zaidi kwa sababu ya asidi iliyobaki.

Mzee wa bikari
Chemsha maji kwanza, uyafunike yapoe. Hapo umefukuza oksijeni bila mtungi wa naitrojeni, ambao sijui ungeuvusha vipi kwa mashua.

Msaidizi wa maabara, Lamu
Leo imetoka nyeusi kama wino wa pweza! Nimebandika sumaku ubavuni mwa bikari, yote ikahamia upande huo na maji yakabaki meupe. Yule kijana kaomba ashike sumaku mwenyewe. Lakini kidogo nilichoanika juani kimeanza ukahawia.

Mkemia wa Malindi
Chembe zikiwa ndogo hivyo, hewa huzigeuza magihemaiti, oksidi nyingine ya chuma. Ni kahawia, ila jaribu sumaku, bado itavuta. Zilizobaki zihifadhi ndani ya maji, chupa ijae hadi shingoni.