Kutafuta habari mezani: orodha ya maswali, dadu, au uliza unachotaka?

Karabai_Kirumba
Wakuu, habari za jioni. Tuko watano, kila Jumapili tunakutana Nyegezi kucheza hadithi za mezani: kila mchezaji ana mhusika wake, msimulizi anaeleza wanachokiona. Msimulizi mimi. Kwenye hadithi ya sasa wahusika wanasaka magunia ya mabondo (vibofu vya sangara) yaliyoibwa usiku pale soko la samaki la Mwaloni. Juzi saa nzima imepotea: "Naangalia chini ya meza, kuna nini? Nyuma ya mzani je?" Chai ikapoa.

Nimesoma mitindo mitatu ya kutafuta habari, kutoka michezo ya aina hii. Dungeon World: rusha dadu mbili, jumlisha na busara ya mhusika, 10 kwenda juu unachagua maswali 3 kwenye orodha ya 6, 7 hadi 9 unauliza 1. Blades in the Dark: uliza chochote, ubora wa jibu unategemea ulivyojipanga na ulivyorusha. GUMSHOE: mwenye ujuzi husika akitafuta mahali penyewe, kidokezo kikuu anapewa bila dadu. Ninyi mnatumia upi?

MamaDadu
Orodha, bila kusita. Mgeni hajui aulize nini. Mpe "Nani hasa mwenye usemi hapa?" uone anavyoacha kuchungulia chini ya meza na kuanza kumtazama mwenye mzani. Tena ukitenda kwa kufuata jibu unaongezewa 1 kwenye dadu, kwa hiyo majibu hayaachwi yakaoza.

Mtu_wa_Visiwani
Dada, orodha inafunga watu. Mezani kwetu shahidi alidai mtumbwi ulioonekana ulikuwa unakwenda kuvua dagaa. Mwenzetu mmoja, amekulia kisiwa cha Ukara, akauliza tu: "Usiku huo mwezi ulikuwaje?" Msimulizi akajibu mbalamwezi, kweupe kama mchana. Kwisha habari! Dagaa huvutwa na taa gizani. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inalala. Shahidi muongo. Swali hilo liko kwenye orodha gani?

MamaDadu
Lipo, kaka. "Kitu gani hapa sivyo kinavyoonekana?" Ukiuliza hilo, msimulizi anakupa mwezi.

Mtu_wa_Visiwani
Akinipa yeye, mimi nimegundua nini?

MamaDadu
Na asiyekulia Ukara? Mhusika wake ni mvuvi wa miaka ishirini, mchezaji anauza vocha mjini. Mvuvi asijue habari za mwezi kwa sababu mchezaji hazijui?

Mtu_wa_Visiwani
Hapo umenibana kidogo.

Kete_ya_Igoma
Ndiyo maana natumia GUMSHOE. Mvuvi yupo, mwezi anauona, basi, usimrushishe dadu. Dadu ikigoma kwenye kidokezo kikuu, hadithi imekwama matopeni. Dadu naiachia mambo mengine, kwa mfano kama mlinzi amekuona ukipekua.

Karabai_Kirumba
Nashukuru. Jumapili najaribu hivi: kinachojulikana kwa kazi ya mhusika natoa bure, na orodha naibandika ukutani kwa watakaokwama. Dadu itoke pale tu kuna hatari. Ila tafadhali, hiyo habari ya mwezi tuiachie hapo. Wachezaji wangu wawili wanasoma humu, na shahidi wangu naye alisema mtumbwi wa dagaa.