Duka la pembejeo Uyole: tujiandae vipi ili biashara isimame tena baada ya maafa?

MuuzaMbegu (Uyole, Mbeya)
Ndugu zangu, habari za kazi. Ninauza mbegu, mbolea na viuatilifu. Tangu tope la Mlima Kawetere liliposhuka Itezi mwezi Aprili 2024, likafukia nyumba pamoja na shule, nimekuwa nikijiuliza duka langu lingesimamaje tena kama lingekuwa upande ule. Mvua siwezi kuizuia. Ninachoomba kujua ni maandalizi gani nifanye mapema ili nikipatwa na mafuriko au maporomoko nifungue tena ndani ya wiki chache, nisibaki na deni la benki na ghala tupu. Mzigo wangu mkubwa huingia kati ya Septemba na Novemba.

Mhasibu_Gangilonga (Iringa)
Ndugu, sentensi yako ya mwisho ndiyo yenye uzito. Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na wakati huohuo karibu mtaji wako wote umegeuka mifuko iliyopangwa ghalani. Wapo wanaokata bima kwa kukadiria mali ya Julai, ghala likiwa nusu tupu, kisha hasara inawakuta Desemba. Tuseme mali yako ina thamani ya shilingi milioni 80 nawe umeikatia bima ya milioni 40, halafu maji yakaharibu ya milioni 20: kwa masharti ya kawaida ya bima za mali utalipwa milioni 10, kwa sababu fidia hupunguzwa kwa uwiano uleule. Hakikisha pia mafuriko na maporomoko ya ardhi yameandikwa katika mkataba, kwa maana bima ya moto peke yake mara nyingi haiyagusi.

Halafu kuna ushahidi. Ankara, hati za kupokelea mzigo na daftari la stoo vikikaa kwenye droo ya kaunta vitaondoka na duka, na hapo hutakuwa na la kumwonyesha mtathmini wa hasara wala mamlaka ya kodi. Kila mwisho wa wiki piga picha kurasa za daftari, uzitume kwenye barua pepe ambayo mtu mwingine unayemwamini anaweza kuifungua.

MamaGhala (Makambako)
Nakubaliana na mhasibu, ila fidia ya bima huchukua muda, na mkulima anayetaka mbolea ya kupandia hawezi kuisubiri. Mimi ningeanza na akiba ya mishahara na pango katika akaunti ambayo haiguswi kwa manunuzi. Ndani ya ghala, mifuko ikae juu ya chaga, mbali na ukuta; urea ikinyonya unyevu huganda kama jiwe, na mbegu iliyoloa usimuuzie mtu hata ikikauka, kwani uotaji wake hauaminiki tena. Viuatilifu visikae sakafuni kabisa, maji yakivibeba yataishia kwenye visima vya majirani.

Fikiria na njia. Barabara ikifungwa Kitonga, mzigo wa Dar es Salaam unaweza kupitia Dodoma hadi Iringa, au kuja kwa reli ya TAZARA. Gharama zake zijulikane sasa na msafirishaji awe ameshakubali, maana siku barabara imekatika kila mtu atakuwa anampigia simu.

MuuzaMbegu (Uyole, Mbeya)
Asanteni sana. Mzigo wangu ndio dhamana ya mkopo. Je, fidia italipwa kwangu au benki?

Mhasibu_Gangilonga (Iringa)
Soma hati ya bima. Benki ikitajwa kuwa mnufaika wa kwanza, fedha zitaanzia kwake, nawe unaweza kubaki bila mtaji wa kurudisha mzigo. Nenda ukaongee na afisa mikopo kabla ya Septemba, mkubaliane kwa maandishi namna marejesho yatakavyosogezwa mbele maafa yakitokea, na sehemu gani ya fidia itaachwa kwenye biashara.