Tupeane uzoefu: saiprasi, araukaria na ile miti ya "Krismasi" uani kwako

Mzee wa Ngaramtoni: Wakuu, heshima kwenu. Ua wangu wa saiprasi umegeuka kahawia. Mita 40, niliupanda 2009 kwa mikono yangu, miche ya kwenye viriba. Kwa nje kuna ukijani bado, ila ukipanua matawi ndani ni ukavu mtupu, na vidole vinatoka vinanata. Nimemkumbuka marehemu baba alivyokuwa akisimama mbele ya ua wake mwaka 1991, mikono nyuma, hasemi kitu. Mlio na miti ya namna hii, mwageni yaliyowakuta.

Shangazi Kaja: Pole baba. Wangu ulikwisha wote wa mbele, nikabaki naonana na jirani anavyopiga mswaki.

Bwana Miti Mstaafu: Hao ni wadudu mafuta. Tandika karatasi nyeupe chini ya tawi la ndani, utikise. Vikianguka vidude vya kahawia, ukubwa wa punje ya ufuta, vina miguu, umewapata. Wanafyonza utomvu, na mate yao yanaua kitawi. Mavi yao ni sukari, ndiyo hiyo inayonata. Sisimizi wanaifuata, na ukungu mweusi kama masizi unaota juu yake. Walionekana Malawi 1986, 1988 wakawa kwetu Tanzania, 1990 Kenya. Wakati ule nilikuwa kwenye mashamba ya miti, ukipita chini ya saiprasi unatoka kofia inanata. Malawi 1994 wataalamu wakaachia nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mdudu mwenyewe, ndiyo dawa iliyowezekana kwa msitu. Kwa ua, kata sehemu zilizokufa, choma, kisha pulizia kwa ndani. Watu wanapuliza nje wakati mdudu amekaa kwenye matawi ya ndani.

Dogo Bomba: Sabuni ya maji vijiko viwili kwa lita, jioni. Kwisha habari.

Bwana Miti Mstaafu: Mita 40 kwa sabuni? Atafulia kata nzima.

Dogo Bomba: Mzee mimi nimetoa bure, wewe unanicheka bure. Sawa.

Mama Shughuli: Mimi sikuletewa na mdudu, nilijiletea. Lushoto, nyumbani kwetu, ua wa mama ulikuwa umenyooka kama umepigwa kamba, unaanika juu yake hata shuka. Mdogo wangu alikuwa na send-off, nikaona upana umezidi, turubai halitaingia. Nikamwita kijana na panga. Nikamwambia punguza upande wa ndani, mimi nikaingia jikoni kusimamia pilau. Narudi baada ya saa moja, kijana anatabasamu, amefika kwenye mifupa! Upande mzima ni fito za kahawia, hakuna jani. Nikajipa moyo: mvua zinakuja, utachipua. Wageni walipiga picha mbele ya zile fito, nikazitundikia vitambaa vya zambarau. Mvua za vuli zikapita. Za masika zikapita. Haukutoa hata kidole. Mama alikuwa anatoka asubuhi, anaushika, anarudi ndani, wala hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Mwaka wa pili tukaung'oa. Albamu ya send-off mpaka leo mama akiifungua anaangalia nyuma ya bibi harusi.

Bwana Miti Mstaafu: Saiprasi si mchongoma. Ukivuka kijani ukaingia kwenye kahawia, hauchipui tena hapo. Kata kidogo kidogo, mara mbili tatu kwa mwaka, uanze ungali mdogo.

Dogo Bomba: Wa kwangu nilikata mpaka ndani ukachipua.

Bwana Miti Mstaafu: Basi haukuwa saiprasi.

Mpwani Halisi: Mnajitesa bara huko. Sisi Tanga tunapanda mivinje, sindano hizo hizo, vikonyo hivyo hivyo, na hakuna anayelia.

Mwalimu wa Baiolojia: Mvinje si wa ukoo huo wa saiprasi na araukaria hata kidogo. Unatoa maua, ni mti wa kundi la mimea ya maua kabisa. Zile "sindano" ni vijitawi. Majani yake halisi ni vigamba vidogo kwenye viungo. Kikate kijitawi kwenye kiungo utaviona.

Mpwani Halisi: Nimezaliwa chini ya mvinje, wewe unanifundisha mvinje?

Mwalimu wa Baiolojia: Nimezaliwa hospitali lakini si daktari.

Mpwani Halisi: 😂 Umenipata. Ila mkitaka wa ukoo wenyewe pwani, araukaria, ule mrefu wa matawi ya ngazi ngazi mnaouita wa "Krismasi", unavumilia upepo wa chumvi, kwao ni kisiwani.

Mwalimu wa Baiolojia: Hapo sawa. Kisiwa cha Norfolk, Pasifiki. Nahodha James Cook aliuona 1774 akadhani kapata milingoti ya meli. Ulipojaribiwa haukufaa. Kwao unapita mita 50, kwa hiyo nyie mnaoupanda chini ya nyaya za umeme mjue mnamwandalia mtu kazi.

Shangazi Kaja: Bibi yangu alikuwa anasema huo mti ukipita paa, mwenye nyumba anaondoka. Mimi uani kwangu hauingii.

Dogo Bomba: Basi Arusha nzima ingekuwa makaburi, shangazi.

Kitinda Mimba: Shangazi, hilo neno la paa limenitoa mafichoni. Mama yangu alipanda araukaria mbele ya nyumba yetu Moshi mwaka niliozaliwa, 1987. Alikuja nao kwenye kopo la maziwa ya unga. Nikiwa darasa la tano alifariki, na kweli mti ulikuwa umepita paa. Watu walisema. Baba hakusema. Akaoa tena 2001. Mama mdogo hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Desemba 2003 baba yuko safari, mama mdogo akataka mti wa Krismasi sebuleni. Kijana akafunga ngazi mbili pamoja, akapanda na msumeno, akashusha futi tano za juu. Tukausimika kwenye ndoo ya mchanga. Mimi ndiye niliyeuvisha pamba. Baba alirudi tarehe 23 usiku, nje giza, hakuona kitu. Akafungua mlango wa sebule.

Mama Shughuli: Mungu wangu.

Dogo Bomba: Nimesukuma ugali pembeni. Endelea mkuu.

Bwana Miti Mstaafu: Araukaria ukikatwa kichwa haurudi umbo lake...

Shangazi Kaja: Mzee hebu subiri!

Kitinda Mimba: Nilikuwa naweka simu chaji. Akauliza, "Huu umetoka wapi?" Hakuna aliyejibu. Akachukua tochi akatoka. Alikaa huko muda mrefu, tunaona mwanga unapanda shinani mpaka juu, unashuka, unapanda tena. Akarudi, akazima redio, akalala na viatu. Baada ya Pasaka alikata vipandikizi viwili kwenye matawi ya pembeni, akavizika kwenye mchanga.

Bwana Miti Mstaafu: Tawi la pembeni halisimami. Linabaki tawi.

Kitinda Mimba: Kimoja kilishika. Mpaka leo kinatambaa chini kama mtu aliyelala ubavu. Na ule mti mkubwa ulichomoza vichwa viwili kwenye jeraha. Bwana shamba alisema tuondoe kimoja, baba alikataa. Kile kinachotambaa anayekimwagilia ni mama mdogo. Hajawahi kuambiwa akimwagilie.

Mpwani Halisi: Picha basi ndugu.

Kitinda Mimba: Nikienda.

Mzee wa Ngaramtoni: Nimerudi. Nilitumia karatasi ya mtihani wa mjukuu, nikatikisa. Wamejaa, wanatembea juu ya hesabu.

Dogo Bomba: Sabuni, mzee. Sabuni.