Baba anakuja, anatumia wilchea: gari, nyumba na ndege nianzie wapi?

Habari zenu ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Naomba mawazo. Mzee wangu anakuja kukaa na sisi huku ughaibuni, alipata kiharusi upande wa kushoto ukalala, sasa anatumia kiti cha umeme maana kwa mkono mmoja hawezi kusukuma magurudumu. Nyumba tuliyopanga ina ngazi tatu pale mlangoni, bafu ni dogo, na gari letu ni saluni ya kawaida. Nimeona vani moja inauzwa ina rampu tayari, nataka niikimbilie kabla haijachukuliwa. Alafu bado safari yenyewe ya ndege na hicho kiti chenye betri. Yani kichwa kimejaa, mwenye uzoefu anisaidie jamani.

*

Marahaba dada, na pole kwa mzee. Hiyo vani usiikimbilie. Nakwambia hivo kwa sababu mi niliikimbilia.

Ilikuwa ya kumbebea mama. Nilikuwa makini kabisa, nikapima kiti, nikapima mlango wa gari, nikaona kinaingia bila shida, nikalipa. Siku ya kumpakia ndo nagundua nilipima kiti kikiwa kitupu! Mama akikaa, utosi wake uko sm 139 toka chini, na mlango wa ile gari ulikuwa sm 134. Ikawa kila tukitoka lazima ainame mpaka kidevu kiguse kifua, na shingo yenyewe ilikuwa inamsumbua, miezi nane tunaenda hivo hospitali na kurudi. Nikaja kuiuza kwa hasara nikachukua nyingine. Sikumwambia kilichofanya niuze, lakini siku ya kwanza ameingia kwenye ile mpya akasema, "Afadhali hii, hainidai shikamoo."

Kwaiyo chukua tepu. Kama mzee bado yuko nyumbani mwambie mtu ampime akiwa amekaa kwenye kiti chake hicho hicho, mto wake uko chini yake, viatu viko miguuni. Toka sakafuni hadi utosini. Upana pale kilipotanuka zaidi, na hapo watu hupima magurudumu wakasahau ile joistiki, kijiti cha kuendeshea, iliyochomoza pembeni. Toka ncha za vidole vya miguu hadi nyuma kabisa ya kiti. Alafu uzito wa mtu na kiti kwa pamoja, kwa sababu kiti cha umeme peke yake kinaweza kupita kilo 100, na kila rampu na kila lifti imeandikwa mwisho wake wa kubeba. Hizo namba nne ziandike kwenye simu, utazitumia kwenye gari, kwenye nyumba na hata kwenye ndege watakuuliza hizo hizo.

Kuhusu vani zenyewe, kuna zinazoingilia pembeni na zinazoingilia nyuma. Ya pembeni ni raha, abiria anaweza kukaa karibu na dereva mkapiga stori, ila rampu ikifunguka inataka nafasi, mtu akipaki ubavuni kwako umekwisha, unasubiri mpaka arudi. Ndo maana zile pakingi za walemavu zina mistari ile pembeni, ile sio urembo. Ya nyuma inaingia karibu pakingi yoyote lakini unampakia mtu akiwa amesimamishwa kwenye njia ya magari, na akishaingia anakaa nyuma kabisa peke yake kama mzigo. Mi naipenda ya pembeni. Wengine watakwambia tofauti.

Kitu ambacho sitaki ukipuuze ni kufunga. Breki za kiti hazizuii chochote gari likifunga breki ghafla. Kiti kinafungwa kwa mikanda minne, miwili mbele miwili nyuma, kwenye fremu, sio kwenye magurudumu wala kwenye kikanyagio wala sehemu inayochomoka. Alafu mtu naye ana mkanda WAKE, unapita kwenye nyonga na begani. Ule mkanda mdogo uliokuja na kiti kazi yake ni kumkalisha sawa tu, ajali hauijui. Na kiti kiangalie mbele, kisikae upande. Angalia pia kama kiti cha mzee kina alama ndogo ya ndoano sehemu nne kwenye fremu, hiyo inaonyesha pa kufungia, na vile vilivyotengenezwa kwa kiwango cha WC19 au ISO 7176-19 vimejaribiwa kwa kugongeshwa kwa kasi kama ya km 48 kwa saa. Kama chake hakina sio mwisho wa dunia, watu wengi wanasafiri navyo, ila hapo kama anaweza kuhamia kwenye siti ya gari ni bora ahamie. Skuta za umeme ndo kabisa, usimwache mtu akae juu yake gari likitembea.

Tukija kwenye nyumba, hesabu ya rampu ni moja kwa kumi na mbili. Kila sm 1 ya kupanda inataka sm 12 za urefu. Ngazi zako tatu tufanye kila moja sm 17, jumla 51, mara 12, ni mita 6 na ushei. Najua unaangalia mlango wako saivi unasema haiwezekani. Ndo maana watu wanaweka fupi, mwinuko mkali, na kiti kinapinduka kinyumenyume na mtu wake. Kama uwanja hautoshi inakunjwa, inapanda inafika kibarazani inageuka, na pale pa kugeukia pawe na sm 150 kwa 150. Na kule juu mlangoni pawe tambarare, mtu hawezi kufungua mlango huku kiti kinarudi nyuma. Kama hata kukunja hakuna nafasi uliza lifti fupi ya kupanda wima. Na kagua mlango wa nyuma kabla hujaanza ujenzi, mara nyingi nyuma kuna ngazi moja tu na watu hawajawahi kufikiria kuingilia huko.

Ndege sina la kusema, mama hakuwahi kuruka tena. Kuna dada humu atajibu.

*

Ndo mimi huyo dada. Natumia kiti miaka 11 sasa, na kabla sijaanza naomba nitoe la moyoni, jamani msishike vishikio vya kiti cha mtu mkaanza kusukuma bila kuuliza, hata kama ni uwanja wa ndege na mnaona tunachelewa. Haya.

Dada, ukikata tiketi tu piga simu, usitegemee kale kakisanduku ka kubonyeza kwenye tovuti. Ulaya kanuni ya 1107/2006 inasema utoe taarifa saa 48 kabla, na Marekani pia huduma kadhaa zinataka saa 48, mi huwa napiga wiki mbili kabla kisha narudia siku mbili kabla. Watakuuliza msimbo. WCHR ni mtu anayeweza ngazi ila hawezi mwendo mrefu, WCHS hawezi ngazi lakini anafika kwenye siti, WCHC hatembei kabisa. Ukiwaachia wenyewe wanaandika WCHR, alafu mnafika mnaambiwa mzee apande ngazi. Mzee wako kama hatembei sema WCHC, na hakikisha unaiona imeandikwa.

Betri. Kuna za jeli au zile kavu zisizomwagika, hizo kwa kawaida zinabaki kwenye kiti zikiwa zimefungwa vizuri na umeme umekatwa. Za lithiamu zina masharti. Kama kiti chake ni kile cha kukunja chenye betri ya kuchomoa, inachomolewa inaingia nayo ndani ya ndege, moja isizidi wati-saa 300, au kama ni mbili kila moja isizidi 160. Kama haikuandikwa wati-saa zidisha volti kwa ampea-saa, mfano 24 mara 10 ni 240, iko chini ya 300, inaruhusiwa. Piga picha ile lebo, wa kaunta ya kwanza ataelewa, wa pili ataita bosi wake, uwe na kitu cha kuwaonyesha. Chaja nayo iangalie kabla hajaondoka, iwe imeandikwa 100 hadi 240, maana Marekani umeme ni volti 120 na sehemu nyingi ni 230, ukichomeka chaja ya 120 peke yake kwenye 230 utasikia tu harufu.

Na sasa kiti chenyewe. Mi kimoja kilivunjwa. Nimeshuka nimekaa pale mlangoni mwa ndege kwenye kile kiti chembamba cha kubebea watu, nakiona changu kinaletwa, joistiki inaning'inia kwa waya kama jicho la samaki. Aliyekileta anakisukuma kama hakuna kitu. Shirika silitaji, tulishamalizana. Toka hapo kila kinachochomoka nachomoa mwenyewe mlangoni mwa ndege, mto, kikanyagio, joistiki kama inatoka, vinaingia kwenye begi naingia nalo ndani. Nabandika karatasi ngumu kwenye mgongo wa kiti: mishale inaonyesha kile kishikio cha kuachia mota ili kiti kisukumike kwa mkono kiko wapi, na wapi wasinyanyulie. Mlango wa mizigo kwenye ndege nyingine ndogo haufiki mita moja, kiti kisichokunjika mgongo kinalazwa ubavu, ndo hapo vinapofia. Kwaiyo uliza mgongo unakunjwaje na uwaonyeshe.

Picha za kiti pande zote kabla ya kukikabidhi. Kikija kimeharibika USIONDOKE eapoti bila kuandikisha. Kwa safari za kimataifa mkataba wa Montreal wa 1999 unakupa siku 7 tu za kulalamika kwa maandishi mzigo ukiharibika, na fidia ina kikomo, saivi ni SDR 1,519 kwa abiria (ni kipimo cha pesa cha IMF), na kiti cha umeme kinapita hapo mbali. Unaweza kutoa tamko maalum la thamani kabla ya kukabidhi, au ukakatia bima. Safari za ndani ya Marekani kikomo hicho hakipo kwa viti vya walemavu.

Siti sasa, na hili hawatakwambia. Mzee upande wake wa kulia ndo mzima. Kuhama mtu anahamia upande wenye nguvu. Kwaiyo omba siti za kulia mwa ndege, karibu na njia, akiwa kwenye kile kiti chembamba anaangalia mbele anajisogeza kulia kwa mkono wake mzima. Kushuka itakuwa kinyume lakini hapo watu wameshatoka, nafasi ipo, hakuna anayewasukuma na begi. Na ule mkono wa siti wa upande wa njia nyingi unanyanyuka, kuna kifyatuo kimejificha chini yake karibu na bawaba, wahudumu wengine wenyewe hawakijui. Akalie mto wake wa kiti sio siti tupu, na asogezwe sogezwe njiani, vidonda vya kukaa vinaanza kimyakimya na kupona ni miezi. Choo, omba kile kiti kidogo cha ndani ya ndege, ndege za njia mbili huwa wanacho, lakini wahudumu watamfikisha mlangoni tu, kumnyanyua ndani sio kazi yao, kwaiyo mtu wa kusafiri naye awe anayeliweza hilo.

Sheria hiyo hiyo ya mkono wa kulia itumie bafuni. Vyuma vya kushikia viwe upande wake wa kulia akiwa amekaa chooni, vifungwe kwenye mbao za ndani ya ukuta au zege, sio vile vya kunyonya ukuta. Vile vinanyonya mpaka siku unavihitaji.

*

La kuongezea tu fupi. Nyumba ni ya kupanga, omba ruhusa kwa maandishi kabla hujagusa ukuta. Marekani toka marekebisho ya 1988 ya sheria ya makazi mwenye nyumba hawezi kukataa marekebisho ya maana ukilipia mwenyewe, ila anaweza kudai ndani urudishe ilivyokuwa. Nchi nyingine zina za kwao, uliza halmashauri ya mji wako. Na muulize daktari wa mzee akuunganishe na mtaalamu wa tiba kazi (yule anayesaidia mgonjwa aweze shughuli zake za kila siku) aje aone nyumba, wanakuja na tepu zao na mapendekezo yao yanasaidia sana kwenye maombi ya fedha. Misaada mingi inategemea viza ya mzee, hilo lijue mapema.

*

Asanteni sana sana, sikutegemea yote haya. Nimepima bafu. Mlango ukiwa wazi ile nafasi yenyewe ni sm 71, kiti kina 66. Nimefurahi, kinapita. Ila korido ni sm 90 na bafu liko ubavuni, kitageuka kweli?

*

Hakigeuki dada. Sm 71 inafaa ukija moja kwa moja, ukija unakata kona utakwangua ukuta na vidole vya mzee. Ukibadilisha bawaba uweke zile zinazotoa mlango nje kabisa utapata kama sm 4, haitoshi. Achana na kuingiza kiti cha umeme bafuni, maji na umeme wa nini. Tafuta kile kiti cha kuogea chenye magurudumu madogo, vipo vyembamba vya sm 55, anahamia chumbani palipo na nafasi, kinaingia bafuni, na kingine kinapita juu ya choo kabisa hahami mara mbili.

*

Sawa kaka, hiyo sikuiwaza. Na mdogo wangu kampima mzee leo, kanitumia video. Mzee analalamika anapimwa kama anashonewa suti na suti haioni. Sm 137 bila kofia, na kofia havui huyo. Mlango wa ile vani nao ni 137. Nimewapigia nimewaambia siichukui.