Prado ya dizeli, ya petroli au Lexus: ipi itadumu Nakuru na magharibi?

Mwanzisha mada, Nakuru:

Wakuu, salamu. Familia yetu inanunua gari moja kubwa la kifahari, mtumba kutoka Japani, na kampuni tumeshaichagua: Toyota, pamoja na tawi lake la Lexus. Ubishi umebaki kwenye aina. Kaka zangu wanataka Prado ya dizeli ya lita 2.8, ile iliyoanza kutoka mwaka 2015. Mimi nasema ya petroli, lita 2.7.

Gari ni la mama. Siku nyingi litatoka Milimani, lifike shule ya wajukuu, lipitie sokoni, lirudi. Dizeli ya kisasa ina chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na joto la kuyachoma halipatikani katika safari ya kilomita tatu yenye foleni. Yakijazana, taa inawaka kwenye dashibodi na gari linakosa nguvu. Petroli ya 2.7 haina chujio hilo wala turbo, ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini. Ni injini ya miaka mingi, na fundi wa Molo au Gilgil haogopi kuifungua.

Halafu kuna ushuru. Ushuru wa bidhaa unapanda kutoka asilimia 25 hadi 35 injini ya dizeli ikizidi cc 2,500, au ya petroli ikizidi cc 3,000. Dizeli ya Prado ni cc 2,754, petroli ni 2,693. Tutalipa zaidi Mombasa ili tupate usumbufu zaidi Nakuru. Kaka zangu hawajanijibu hilo.

Mchangiaji, Eldoret:

Ndugu, hiyo ni wiki ya mama. Desemba ikifika mnakwenda wapi? Pakia watu saba na mizigo yao, panda kutoka Nakuru hadi Timboroa, ndipo tuzungumze habari ya petroli. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, na Timboroa iko zaidi ya mita 2,700. Nguvu za farasi 163 zilizoandikwa kwenye karatasi zinabaki kama 120, na gari lenyewe lina zaidi ya tani mbili. Unataka kulipita lori la mafuta linalokwenda Uganda, unakanyaga hadi mwisho, gia inashuka, injini inanguruma, na bado uko ubavuni mwa lori. Hapo watu hufa. Kwangu gari linaloishiwa pumzi mlimani haliitwi la kutegemewa, hata kama haliharibiki. Dizeli ina turbo, inapanda bila shida. Na masizi hayo yataungua yenyewe njiani.

Fundi, Kisumu:

Hilo la mwisho lisipite hivi hivi. Huko Australia wenye Prado, Hilux na Fortuner za dizeli zilizouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020 waliishtaki Toyota, na mwaka 2022 mahakama ikaona kwamba mfumo wa chujio ulikuwa na kasoro. Ulishindwa kufanya kazi vizuri hasa gari likiendeshwa mfululizo kwa kasi ya kama kilomita 100 kwa saa. Hiyo ni barabara kuu, siyo foleni ya mjini. Kwa hiyo "itaungua njiani" isiwe dawa ya kila kitu.

Anayetaka dizeli ningemshauri atafute ya kuanzia mwisho wa mwaka 2020, baada ya kuongezwa nguvu hadi farasi 204. Na anayenunua iliyokwisha kutumika hapa nchini alale chini ya gari aangalie ekzosi. Kuna wanaolitoboa chujio na kurudisha ganda tupu, kisha wanauza gari kama zima. Moshi mweusi ukikanyaga ghafla ni dalili. Pia dizeli za Japani zina tangi la urea, kimiminika cha kupunguza sumu ya moshi: muulize muuzaji alikuwa akiijaza wapi. Asipoelewa swali, ondoka.

Mchangiaji, Kakamega:

Mbona hakuna aliyetaja Land Cruiser 200? Za Japani ni petroli, V8 (silinda nane) ya lita 4.6, dizeli za 4.5 tunazoziona zilitoka nchi nyingine. Ziliacha kutengenezwa mwaka 2021, hivyo za mwisho bado zimo ndani ya kanuni yetu ya kutoingiza mtumba wa zaidi ya miaka minane. Mafuta inakunywa, sikatai. Lakini kwenye barabara za miwa za Mumias, mvua ikiwa imenyesha, sijaona ya kuishinda. Lexus LX 570 ni ndugu yake wa chasisi moja, ila suspensheni yake ni ya mafuta na gesi, inapanda na kushuka, na ikiharibika bei inauma. Baadhi ya 200 pia zinayo, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Lexus GX 460 isahau, haikutengenezewa usukani wa kulia.

Mwanzisha mada, Nakuru:

Asanteni. Dada wa Kakamega, 200 ni gari haswa, lakini mama hawezi kulilisha. Fundi, maelezo yako yamenitia nguvu: kama chujio linasumbua mjini na linaweza kusumbua barabara kuu, kaka zangu wamebaki na mlima tu. Na ndugu wa Eldoret, mlima ninaukubali. Ila Timboroa tunaupanda mara chache kwa mwaka, na siku hizo nitaendesha mimi, nyuma ya lori, bila kulipita. Gari la mama nalipima kwa Jumatatu hadi Ijumaa.

Mdogo wetu sasa ameleta la Lexus RX 450h. Kwa mjini, haibridi, yaani petroli pamoja na mota ya umeme, inanivutia kuliko Prado yoyote. Wasiwasi wangu ni vumbi: betri iko chini ya kiti cha nyuma na inapozwa na hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari. Nyumbani kwetu ni Olenguruone, kiangazi ni vumbi, masika ni tope. Mwenye RX 450h iliyokaa upande huu kwa miaka kadhaa atuambie: betri yako iko hali gani, na nani aliisafisha?